UZI: Vizimba Ghuba ya Winam: ziwa limepumzishwa, au limebebeshwa mzigo mwingine?

Fundi_Vizimba

Wadau wa Ziwa Victoria na ghuba yake ya Winam huku Kenya, semina yoyote ya ufugaji wa samaki kuanzia Kisumu hadi Usenge haikosi mtu wa kusimama na kusema enzi ya kuvua imekwisha, sasa ni kufuga kwenye vizimba, yaani nyavu zinazoelea majini, na ziwa litapumzika. Nafungua uzi tuichambue hoja hii kwa hesabu.

Si hoja ya kwetu peke yetu. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, inasema mwaka 2022 ndio wa kwanza ambapo wanyama wa majini waliofugwa duniani (tani milioni 94.4) waliwazidi waliovuliwa. Bahari ndiyo iliyotangulia kuishiwa. Canada ilifunga uvuvi wa chewa wa Atlantiki pwani ya Newfoundland mwaka 1992, ikafungua kwa kiasi kidogo mwaka 2024. Miaka thelathini na mbili ya kusubiri samaki warudi. Huku kwetu mbuta (sangara) alitiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akalipuka miaka ya 1980, fulu, samaki wadogo wa asili ya ziwa, wa aina mamia wakatoweka, viwanda vya minofu vikaja, mnofu ukapanda ndege kwenda Ulaya na Kisumu ikabaki na mgongo wazi, yaani mifupa iliyokwisha kutolewa mnofu. Mbuta alipopungua, omena, dagaa wa ziwa letu, ndiye aliyebeba ziwa. Sasa ni zamu ya kizimba.

Msimamo wangu: samaki wa kizimbani hajatoka ziwani. Amefungwa humo kwa kamba mbili, pumzi na chakula, na zote mbili zinavuta kutoka maji yaleyale. Naanza na pumzi.

Chukua kizimba cha mita 5 kwa 5, wavu ukizama mita 2. Hiyo ni mita 50 za ujazo. Weka vifaranga 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani 2,500. Wakifika sokoni asilimia 85 kwa gramu 400 kila mmoja, una kilo 850. Tilapia wa ukubwa huo hutumia takriban miligramu 250 za oksijeni kwa kila kilo kwa saa akiwa ametulia, zaidi akishakula. Kilo 850 zinameza gramu 212 kwa saa. Maji ya kizimba hicho yakiwa na miligramu 5 kwa lita, humo ndani mna gramu 250 tu, na huwezi kuzitumia zote kwa sababu chini ya miligramu 2 samaki yuko hatarini. Zinazotumika ni gramu 150. Maji yakisimama kabisa, una kama dakika arobaini.

Kinachomwokoa ni mkondo. Hata mwendo mdogo wa sentimita 2 kwa sekunde, ukipita wavu safi wa upana wa mita 5 na kina cha mita 2, unaingiza mita 720 za ujazo kwa saa, maji ya kizimba yanabadilika mara kumi na nne. Sasa acha wavu uote ukungu wa kijani mpaka matundu yazibe nusu. Panga vizimba safu tatu, safu ya tatu ipokee maji yaliyokwisha kupumuliwa mara mbili. Hapo utaelewa kwa nini jirani mmoja anapoteza samaki na mwingine, mita mia kutoka kwake, anavuna.

Na msijilinganishe na Norway. Bahari yao ikiwa nyuzi 8 inabeba zaidi ya miligramu 9 kwa lita. Sisi tuko mita 1,130 na kitu juu ya usawa wa bahari, maji nyuzi 26, na hata yakishiba hewa hayapiti 7 hivi. Pamoja na maji yao hayo, sheria yao haimruhusu mfugaji wa samoni kupita kilo 25 kwa mita ya ujazo. Kizimba changu cha mfano kina kilo 17. Kuna watu huku wanaweka vifaranga 100 kwa mita ya ujazo na wanaona wametumia nafasi vizuri.

---

Omena_Kavu

Fundi, pumzi umeieleza. Ngoja niishike hiyo kamba ya pili, maana ndiyo inayofichwa kwenye gunia.

Hesabu ni hii. Tilapia akilishwa vizuri, kilo 1.6 za chakula zinampa kilo 1 ya uzito. Kwa hiyo tani moja ya samaki ni kilo 1,600 za chakula. Kama mtengenezaji ameweka asilimia 10 ya omena, hizo ni kilo 160 za omena mkavu. Omena mbichi akikauka hubaki kama robo ya uzito wake, hivyo umetoa ziwani kilo 640 za omena mbichi ili upate tani ya tilapia. Ukiweka asilimia 5, ni kilo 320. Ukiweka asilimia 20, kama wafanyavyo wanaojisagia nyumbani kwa kuamini omena nyingi ndiyo chakula bora, ni kilo 1,280. Umetoa samaki wengi kuliko uliowazalisha. Mstari unavukwa karibu na asilimia 16. Chini ya hapo unaongeza samaki duniani, juu ya hapo unamgeuza samaki wa maskini kuwa samaki wa hoteli.

Gunia likiandikwa "unga wa samaki" bila kusema samaki gani, huenda ni dagaa wa Peru aina ya anchoveta. Bahari hiyo ina tabia zake. El Niño ikija, maji ya moto yanafunika yale ya baridi yenye rutuba, na dagaa wanazama au kuhama. Mwaka 2023 Peru ilifuta msimu wake wa kwanza wa kaskazini na kati, bei ya unga wa samaki ikapanda dunia nzima. Kwa hiyo mtu wa Homa Bay anayelaumu duka kwa bei ya chakula, huenda anayemtafuta ni Bahari ya Pasifiki.

Wanorwe walilitambua hili mapema. Mwaka 1990 chakula cha samoni kilikuwa na kama asilimia 90 ya vitu kutoka baharini. Kufikia 2013 ilikuwa asilimia 30 hivi. Na samoni ni mla nyama. Tilapia ni mla majani na vijidudu, hana sababu ya kulishwa omena kama mbuta.

---

Jicho_la_Ufuo

Mnahangaika na vizimba ilhali nyavu za kukokota ufuoni zinafagia mazalia kila usiku. Zimepigwa marufuku, ziko. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki marufuku, ziko. Mbuta chini ya sentimita 50 marufuku, anauzwa mchana kweupe. Ziwa halikuuawa na tilapia wa kufugwa.

---

Fundi_Vizimba

@Jicho_la_Ufuo sijasema limeuawa na vizimba. Hata kwa uchafu, mito ya Nyando na Sondu pamoja na maji taka ya mji yanayopitia mto Kisat yanaleta rutuba nyingi ghubani kushinda vizimba vyote. Lakini kizimba kinamwaga chake palepale kilipo, chini ya tumbo la samaki wako mwenyewe. Hapo ndipo tofauti ilipo.

---

Mama_Kibuye

Omena_Kavu, hesabu yako ni nzuri lakini umeruka sokoni. Omena si mmoja. Kuna wa kula watu na kuna wa kusaga, na kinachowatenga si samaki, ni mahali alipokaukia.

Akianikwa mchangani anabeba mchanga, anageuka wa kuku na samaki, bei chini. Akianikwa kwenye kichanja cha wavu kilichoinuliwa mita moja kutoka chini, tabaka moja tu bila kulundika, akageuzwa kila baada ya saa mbili, anakauka kwa siku moja ya jua kali na anabaki na ile rangi ya fedha. Huyo analiwa na watu. Mvua ikimkuta njiani akipata unyevu mara ya pili, anakuwa wa kahawia, anavunjika kichwa, anashuka daraja. Ndiyo maana masika omena wa chakula cha mifugo wanajaa, si kwa sababu wamevuliwa wengi.

Halafu kuna likizo ya omena, Aprili hadi Julai. Miezi hiyo msagaji mwenye stoo anakuwa ameshanunua mapema kwa magunia, na mama mwenye debe moja anabaki kununua alichobakiza. Mkitaka kumwokoa omena asiishie kwa samaki, jengeni vichanja. Akikauka vizuri atakuwa ghali mno kwa msagaji, mwenyewe atatafuta soya.

---

Omena_Kavu

Mama, hapo umenifunga mdomo. Niongeze tu kwa wanaosaga: mchanga ndio wizi mkubwa zaidi kwenye biashara hii. Jinsi ya kupima bila maabara: yeyusha chumvi gramu 350 kwa lita ya maji, saga omena gramu 100, mimina, koroga, acha dakika kumi. Nyama nyingi inaelea, mchanga unakaa chini. Mwaga, osha mchanga kwa maji safi, kausha, pima. Ukizidi gramu 5, umelipia ufuo. Ukikuta 15, na inatokea, ile protini uliyodhani unayo haitimii na samaki atakula bila kunenepa, halafu utalaumu vifaranga.

---

Maabara_ya_Maji

Nimesoma kimya, ila suala la kubadilisha omena kwa mimea lina mtego ambao hamjautaja.

Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia samaki kumeng'enya protini, lazima ipikwe au ikaangwe. Mashudu ya pamba yana gosipoli, yasizidi kiasi kidogo. Mashudu ya alizeti ni maganda matupu kama hayakukobolewa. Hayo mnayajua. Lakini fosforasi ya kwenye nafaka na mbegu kwa sehemu kubwa imefungwa ndani ya fitati, na tilapia hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Nyingi inapita moja kwa moja hadi kinyesini.

Tuhesabu. Chakula chenye fosforasi asilimia 1.2, kilo 1,600, kina kilo 19. Tani ya tilapia inabaki na kama kilo 8 mwilini. Kilo 11 zinaingia ziwani. Nitrojeni ni kubwa zaidi: chakula cha protini asilimia 30 kina nitrojeni asilimia 4.8, kilo 77 kwa tani hiyo, samaki anabaki na 25 hivi, kilo 52 hivi zinatoka, nyingi kama amonia kupitia mashavuni. Kilo moja ya fosforasi, ikitumiwa yote na mwani, inaweza kujenga kama kilo mia za mwani mkavu. Ukihamia mimea bila kuongeza kimeng'enya cha fitase, umemhurumia omena na umelisha mwani. Kwa hiyo muulize muuza chakula maswali mawili, si moja: kuna samaki kiasi gani, na kuna fitase?

Sasa turudi kwenye pumzi. Vifo vya mwishoni mwa 2022 upande wa Kisumu vilihusishwa na upungufu wa oksijeni, na watu wengi bado wanadhani ilikuwa sumu. Mchakato ni huu. Mwani ukifa unazama, bakteria wanauoza chini na kumaliza oksijeni ya huko. Maji ya chini yanabaki na amonia na gesi yenye harufu ya mayai viza. Jua likiwaka siku kadhaa bila upepo, maji ya juu yanapata joto na kukaa kama kifuniko. Halafu upepo mkali unavuma upande mmoja, unasukuma maji ya juu, na yale ya chini yanapanda kujaza nafasi. Yanapita kwenye vizimba kwa saa chache. Samaki wa porini anakimbia. Wa kizimbani hana pa kwenda.

Dalili zipo kabla. Chukua sahani nyeupe ya sentimita 20, ifunge kamba yenye alama, ishushe saa sita mchana upande wenye kivuli cha mtumbwi. Ikipotea machoni kabla ya sentimita 30, mwani umezidi, usiongeze vifaranga. Oksijeni ipimwe alfajiri kabla jua halijachomoza, si saa nne. Mchana mwani unatengeneza oksijeni, kipimo kitakudanganya. Pima juu, katikati na chini ya wavu. Ukiona juu 5 na chini 2, hatari iko mita mbili kutoka kwa samaki wako.

---

Kijana_Dunga

Shikamooni. Swali: nimepewa eneo lenye kina cha mita 4, liko ndani ya ghuba ndogo, maji yametulia sana, hakuna mawimbi, karibu na ufuo kwa hiyo ulinzi ni rahisi. Vizimba vya mita 2 kwa 2 kwa 2, kumi. Inafaa?

---

Fundi_Vizimba

Marahaba. Haifai. Ukiona mfugaji anasifu maji kwa kutulia, ujue ameangalia usalama wa mtumbwi wake.

Mita 4 ukitoa mita 2 za wavu zinabaki mita 2 chini, na msimu wa kiangazi ziwa likishuka zinapungua. Kinyesi na chakula kilichozama vinalundikana hapohapo, vinaoza, na kile Maabara alichoeleza kinatokea chini ya wavu wako bila kungoja upepo. Tafuta kina cha mita 8 kwenda juu, ili zibaki angalau 5 au 6 chini ya wavu, na mahali ambapo mkondo unaonekana. Jaribio rahisi: tupa chungwa majini siku isiyo na upepo, pima linaenda mita ngapi kwa dakika. Sentimita 2 kwa sekunde ni mita 1.2 kwa dakika. Lisiposogea, ondoka.

Nanga: kila pembe ya safu, kamba iwe mara tatu ya kina. Ukifunga fupi, wimbi linang'oa nanga, ukifunga ndefu mno vizimba vinagongana. Na usiweke mahali ambapo gugu maji huja kujikusanya upepo ukigeuka. Kisiwa cha gugu kikishukia safu ya vizimba kinaburuta nanga zote, na chini yake hakuna oksijeni. Waulize wavuvi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, wanajua linakolala kila mwezi.

Vibali: BMU, kaunti, huduma ya uvuvi, na tathmini ya mazingira kwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Usianze na vifaranga ndipo utafute karatasi.

---

Kijana_Dunga

Asante mzee. Na nikikaa palepale miaka mitano kuna shida?

---

Maabara_ya_Maji

Ipo. Norway, kila baada ya kuvuna, eneo lazima likae tupu angalau miezi miwili kabla samaki wengine hawajawekwa, ili sakafu ijisafishe na chawa wa samoni wakose mwenyeji. Chile walijaza vizimba karibu karibu, na virusi vya anemia ya samoni vilipoingia mwaka 2007 tasnia yao ilianguka kwa miaka kadhaa. Sisi tuna bakteria wa streptokoki maji yakipita nyuzi 28: samaki anazunguka kama aliyelewa, macho yametoka. Kizimba kimoja kikipata, cha jirani kinapata kwa mkondo uleule. Panga nanga za maeneo mawili tangu mwanzo, uhame kila baada ya mavuno. Ukishusha chombo cha kuchota tope na kikaja na tope jeusi linalonuka, umechelewa kuhama.

---

Mtu_wa_Kilifi

Nachangia kutoka pwani. Kuruwitu wanajamii walitenga hekta 30 hivi za bahari katikati ya miaka ya 2000, hakuna kuvua ndani, na samaki wakubwa wakarudi hadi nje ya mpaka. Huko ziwani mnatenga vizimba lakini mazalia hamjayatenga. Mbona msiambatanishe: kikundi kinachopewa eneo la vizimba kilinde na kipande cha matete kilicho karibu?

---

Jicho_la_Ufuo

Hii ndiyo hoja ya kwanza yenye maana humu. Ila mpaka uwe na maboya yanayoonekana usiku, la sivyo ni maneno.

---

Kijana_Dunga

La mwisho. Oksijeni ikishuka usiku na samaki wameanza kupumulia juu, nifanye nini? Kuna mtu ameniambia niwape chakula wapate nguvu.

---

Maabara_ya_Maji

Huyo usimsikilize. Samaki aliyekula anahitaji oksijeni zaidi ya mwenye njaa. Siku ukiona dalili, simamisha chakula saa 24. Usiwavue kwa kuwabagua, usiinue wavu, kila purukushani inawamalizia pumzi.

Kama una mashine ya kuchanganya hewa yenye nguvu ya farasi mmoja, kwa hali ya kawaida ya shambani itaongeza kama gramu 500 kwa saa, inatosha vizimba viwili vya Fundi. Lakini maji mabaya yakiwa yanapita, unachoongeza kinachukuliwa na mkondo. Kwa hiyo zungusha turubai upande maji yanakotokea, lishuke hadi chini ya wavu, kisha washa mashine ndani. Maji yakirudi kuwa mazuri toa turubai mara moja, kwa sababu sasa ndilo linalozuia mkondo. Ukiwa na kipimo, subiri zaidi ya 4 chini ya wavu. Rudisha chakula nusu siku ya kwanza.

Waliokufa watoe asubuhi hiyohiyo, maana wakioza wanakula oksijeni ya walio hai. Usiwatupe ziwani wala kuwauza. Shimo la mita moja na nusu, mbali na ufuo na juu ya mstari wa mafuriko, tabaka la samaki, tabaka la chokaa, udongo juu.

---

Kijana_Dunga

Chokaa ile ya kupaka ukuta?

---

Maabara_ya_Maji

Hiyo imeshazimwa, nguvu ni ndogo. Nunua chokaa mbichi, ile inayochemka ikiguswa na maji. Vaa glavu na miwani, na usiimwage mvua ikinyesha.